Sina Kazi, Nalima Tu

Ukizisoma kurasa za michezo za magazeti yetu utaona kwamba timu za Tanzania huwa hazichezi mechi ngumu. Zinakuwa na kibarua kigumu. Simba ana kibarua kigumu ugenini, Yanga anakabiliwa na kibarua kizito Jumamosi, na kocha akifungwa mechi tatu mfululizo kibarua chake kinaota nyasi. Kocha mwenyewe katoka Ulaya, analipwa kwa dola, kapangiwa nyumba upande wa bahari na ana wakala wa kumsomea mkataba. Bado anachofanya ni kibarua, na siku akifukuzwa hakuna mwandishi atakayesema ajira yake imeota nyasi. Sikio lingekataa.

Kibarua ni barua ndogo. Kabla halijawa jina la mtu lilikuwa jina la karatasi. Katika Zanzibar ya karne ya 19, bwana mwenye watumwa mjini aliweza kuwakodisha kwa siku kwa wenye maghala, wakachambue karafuu, wakasafishe sandarusi au wakabebe mizigo pwani. Jioni malipo yaligawanywa, fungu la mtumwa na fungu la bwana wake. Aliyechukuliwa kwa siku alipewa kijikaratasi, na kijikaratasi hicho ndicho kilichomwezesha kulipwa. Ukikipoteza, jasho lako halikuwa na shahidi. Polepole jina la karatasi likahamia kwa aliyeishika, kisha likahamia kwa kile anachokifanya, ndiyo maana hadi leo tunasema "kibarua yule amechelewa" kama tunamsema mtu, na "kibarua changu kimekwisha" kama tunaisema shughuli. Karatasi yenyewe imesahaulika, mtu na shughuli yake vikabaki vimevaa jina lake.

Mwaka 1897 hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Zanzibar, waliokuwa watumwa wakaweza kudai uhuru wao. Kijikaratasi nacho kikaendelea na safari zake.

Kwa Wajerumani huku bara kilikuja kwa sura ya kadi. Mwaka 1907, Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume Msambaa aliyekuwa hajaajiriwa alipewa kadi inayomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi alichukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Nakuomba uisome vizuri hiyo kadi. Msambaa yule alikuwa na shamba. Alikuwa na migomba, mifereji ya maji ya kumwagilia, mbuzi, na paa la nyumba linalohitaji kuezekwa upya kabla ya masika. Kwa mujibu wa kadi, hayo yote hayakuwa kazi. Kazi ilikuwa ile inayowekewa alama kwenye karatasi na mtu mwingine.

Kenya ikawa kipande. Sheria ilitungwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kubana mwishoni mwa mwaka 1919 na kuingia 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, siku aliyoanza, siku aliyoachishwa na mshahara aliokuwa akilipwa. Karatasi ilitiwa ndani ya kijikasha cha bati na kijikasha kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wenyewe walisema wamevishwa kengele kama mbuzi. Mwajiri akikataa kutia saini ya kukuachia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka bila saini wewe ni mtoro, unatafutwa kwa alama za vidole. Harry Thuku alipoanza kuwakusanya watu Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyapigia kelele. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiwe wakapigwa risasi mbele ya kituo cha polisi. Kipande cha shingoni kilifutwa mwaka 1947. Jina halikufutwa. Ukipita Nairobi leo, kijana akikwambia amesahau kipande nyumbani, anasema kitambulisho chake cha taifa.

Naandika haya kwa sababu ya swali moja ambalo limenisumbua tangu nilipokuwa mdadisi kwenye utafiti wa nguvu kazi: kwa nini mtu anayefanya kazi kutwa kucha anakwambia hana kazi?

Usinielewe vibaya, neno lenyewe tunalitumia ovyo ovyo na kwa raha. Simu haifanyi kazi. Dawa imefanya kazi. Kazi yake kulala tu. Ukimwona mwenzako anajaribu kumbembeleza mtoto mkaidi unamwambia una kazi, na ukimwonya asikusikie unamalizia na kazi kwako. Mtu anayefuatilia mambo ya jirani hana kazi ya kufanya. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wazee. Wanasiasa nao hawalichoki. TANU ilitangaza Uhuru na Kazi, mwaka 2015 tukaambiwa Hapa Kazi Tu, na mwaka 2021 Kazi Iendelee. Kwa kufanya kazi, basi, hatubagui. Kila kitu kinafanya kazi, hata feni.

Ubaguzi unaanza kwenye *kuwa na* kazi. Hapo milango inafungwa. Jaribu kupeleka posa. Baba wa binti atauliza kijana ana kazi gani, na mshenga akijibu "ana bodaboda yake, na kashamba kidogo kule Handeni," mzee atanyamaza kidogo kisha aseme, "Sawa, lakini kazi?" Kijana huyo huenda kwa mwezi anaingiza zaidi ya mwalimu wa shule ya msingi. Mzee analijua hilo. Anachouliza ni kama kuna mahali jina la mkwewe limeandikwa.

Utafiti wenyewe ulinipeleka vijiji vya Korogwe, nchi ya mkonge. Tulipewa kishikwambi, begi, fulana, na posho. Neno hilo la mwisho nalo lina kisa chake. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilimpa kila mbeba mzigo kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia hicho kibaba njiani. Uganda wameshika ule unga wenyewe: posho kwao ndiyo ugali. Kenya wamebaki na posho mill, kinu cha kusagia. Sisi Watanzania tukaubadilisha unga kuwa fedha, tukawapa wabunge na washiriki wa semina, na mwaka 2011 tukagombana nchi nzima kuhusu posho za vikao kana kwamba tumegundua jambo jipya. Mshahara ni jamaa wa mwezi, shahr ya Kiarabu, kwa hiyo hauwezi kumfuata mtu wa kutwa. Posho inaweza. Posho inakwenda na siku, inakwenda na tumbo, na haimwahidi mtu chochote kuhusu kesho. Mimi na wenzangu tuliokuwa tukiwauliza watu kama wana ajira tulikuwa tunalipwa kama wapagazi.

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893. Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, vikapita Hamburg, na vilivyofika vikiwa hai ni 62. Kutokana na hivyo 62 likatoka zao lililoifanya Tanganyika iongoze duniani. Mwaka 1964 tulizalisha tani 230,000 hivi. Mkonge hauna msimu wa kupumzika na una miiba, na wenyeji wa Tanga waliokuwa na mashamba yao hawakuwa na hamu nao. Ikabidi watu watoke mbali: Kigoma, Iringa, Njombe, Songea, Burundi, Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuwasaka watu hao, SILABU. Waliandikwa, wakapewa namba, wakasafirishwa kwa malori na treni, na kwa kuwa msimamizi hakuwa na muda wa majina ya Kiha na Kibena, wakaitwa kwa namba. Ndio manamba. Sijui kama kuna jina la kazi katika lugha yetu lililo wazi kuliko hilo.

Babu mmoja niliyemhoji, mtoto wa Muha aliyeletwa kwa namba, alinieleza ukataji wa mkonge kwa vidole vyake viwili vilivyobaki vimepinda. Unakata jani kwa kisu, unapunguza mwiba wa nchani, unahesabu majani 30, unafunga tita. Matita yanapangwa kando ya reli ndogo, trela linakuja, mzigo unakwenda korona. (Korona kwa mtu wa mkonge ni kiwanda cha kuchakata majani, lilikuwa jina la mashine, mwaka 2020 watu wa Korogwe walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa.) Huko majani yanapondwa, singa zinaoshwa na kuanikwa kwenye kamba kama nguo. Zamani za baba yake kulikuwa na kadi ya siku 30. Ukimaliza ngwe yako unawekewa alama ya siku. Ukiishia nusu, kwa sababu ya homa au mvua au kisu kukukata, siku hiyo haipo. Mwezi wa kadi haukuwa mwezi wa kalenda. Mtu aliweza kukaa wiki sita au saba akitafuta kumaliza mwezi mmoja.

"Shikamoo" yangu ilikuwa imeshaitikiwa na chai imeshamiminwa nilipofika kwenye swali rasmi. Katika siku saba zilizopita, babu, umefanya kazi yoyote ya kulipwa ujira, mshahara au faida, hata kwa saa moja?

"Kazi nimefanya mimi, mjukuu wangu," akasema. "Nimefanya miaka 22." Akaingia ndani. Alitoka na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, ndani yake kuna barua ya kuajiriwa, barua ya kupunguzwa, kadi ya Mfuko wa Akiba, na picha ya pasipoti ya kijana mwenye nywele za mtindo wa zamani. Alitaka niangalie kama namba iliyoko kwenye kadi inafanana na iliyoko kwenye barua, kwa sababu alipofuatilia mafao aliambiwa hazifanani. Hazikufanana. Namba moja ilikuwa imegeuzwa, 6 ikawa 9. Pembeni yetu kulikuwa na mbuzi tisa, banda la kuku, na shamba la mihogo ambalo mzee yule alikuwa amelipalilia asubuhi ile ile, jembe bado lina udongo mbichi. Nilipouliza kuhusu mihogo alipunga mkono. Hiyo? Hiyo si kazi, ni kushinda tu.

Sidhani kama ni unyenyekevu. Watu wengi wa mjini wanaposikia mkulima anasema hana kazi wanaona kwamba amejidharau, na wanaanza kumhubiria kuhusu thamani ya kilimo. Mimi naona mzee yule alikuwa anaongea kwa usahihi mkubwa kuliko kishikwambi changu. Kwa muda wa vizazi vitatu katika familia yake, kazi ilikuwa na kadi, namba, alama na mtu wa kuziweka. Kupalilia mihogo hakuna mtu aliyekuwekea alama. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, kamba za plastiki zikaushusha bei, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 30,000. Kazi ikaondoka Korogwe. Watu wakabaki, na majembe.

Serikali zetu huru nazo zilijifunza haraka ile elimu ya kadi. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na Dar es Salaam ikaanza kusombwa watu. Mgambo walisimama stendi na mitaani wakiuliza kitambulisho cha kazi. Mwenye nacho alipita, asiye nacho alikuwa mzururaji, anarudishwa kijijini akalime. Mama aliyekuwa ameamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua, akauza, akarudi kununua mchele wa kesho, alikamatwa akiwa na beseni kichwani kwa kosa la kutokuwa na kazi. Baada ya muda ikaonekana mji hauli bila watu hao, likapatikana suluhisho unaloweza kulikisia: karatasi. Ikaitwa leseni ya nguvu kazi. Ukiwa nayo, vitumbua vilikuwa kazi. Desemba 2018 mambo yakajirudia kwa heshima zaidi, wamachinga na mama lishe walipoanza kupewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Nakumbuka wauza matunda walivyovitundika shingoni kwa kamba. Kwa mwenye kibanda kile kitambulisho kilikuwa kinga dhidi ya mgambo, na wengi walikishukuru kweli. Mimi niliangalia zile kamba shingoni nikaikumbuka Kenya ya 1920, lakini sikusema kitu, maana muuza matunda alikuwa na furaha na mimi nilikuwa na haraka.

Ambao hawakuwahi kupewa karatasi yoyote ni wanawake wa nyumbani. Vijana wa Dar wamewatungia majina ya mpira. Mama asiyekwenda ofisini ni golikipa, anabaki nyuma kulinda. Dada wa kazi ni beki tatu. Kariakoo kuna winga, anayekimbia pembeni kukuletea mteja dukani na kula cha juu. Timu nzima imepangwa, na wachezaji wawili wa nyuma ndio wasiolipwa vizuri. Ukimuuliza golikipa anafanya kazi gani, atasema nipo nyumbani tu. Hilo "tu" nimeliandika mara nyingi kuliko neno lolote kwenye daftari langu la pembeni. Nalima tu. Nauza genge tu. Nafuma vitambaa tu. Nasaidia tu kwa shemeji.

Na hao hao ndio wanaobeba shughuli. Waarabu wakisema shughl wanamaanisha kazi. Sisi tukalichukua neno, tukalipeleka uswahilini, likawa harusi, arobaini, kumtoa mwali. Nina shughuli Jumamosi maana yake nimealikwa na nitavaa sare. Mwenye kudhani tumelipotosha aende nyuma ya nyumba usiku wa kuamkia shughuli: wanawake 15 wamekalia mbuzi, nazi zinakunwa, kuna anayemenya vitunguu saumu ndoo nzima, kuna anayepeta mchele, sufuria za pilau zimejipanga kwenye mafiga, na mpishi mkuu anatukana kila mtu kwa mapenzi. Ni kiwanda. Hakuna anayesaini. Ila kuna daftari la michango, na siku yako ikifika litafunguliwa, jina lako litatafutwa, na kama hukukuna nazi ya mwenzako, utakuna yako peke yako. Kwa hiyo huko nako karatasi ipo, nafikiri, tofauti ni nani anayeishika kalamu.

Kuna fani moja ambayo haitaki karatasi ya mtu, nayo ni fizikia. Kwa fizikia kazi ni kani mara umbali, inapimwa kwa jouli. Alikuwa Mfaransa, Coriolis, aliyeliingiza neno la kazi katika hesabu za mashine mwaka 1829. Nilipokuwa sekondari niliipenda fasili ile kwa kuwa haikuwa na upendeleo, mpaka nilipomjaribishia mpagazi. Chukua mzigo wa frasila mbili, kilo 32 hivi, kutoka Bagamoyo usawa wa bahari hadi Tabora, ambako ni mita 1,200 juu. Zidisha. Unapata jouli 376,000, ambazo ukizigeuza kuwa nguvu ya chakula ni kilokalori 90. Kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 700, mbu, kiu, homa na pori la Ugogo, fizikia inasema kazi uliyoufanyia mzigo dhidi ya mvutano wa dunia haimalizi andazi moja. Na akirudi na pembe za ndovu kutoka Tabora kushuka Bagamoyo, hesabu inatoka hasi. Mwalimu wangu alinieleza vizuri kwamba misuli ya binadamu inaunguza chakula hata ikiwa imesimama na mzigo, na kwamba fasili hiyo inahusu mzigo, haimhusu aliyeubeba. Nadhani hapo ndipo nilipoacha kutaka kuwa mhandisi.

Wanatakwimu wana fasili zao, na ndizo zilizokuwa ndani ya kishikwambi. Kwa muda mrefu, kwa kanuni zilizokubaliwa Geneva mwaka 1982, mtu aliyefanya japo saa moja katika wiki alihesabiwa ana ajira, na mkulima wa mahindi ya kula mwenyewe naye aliingia humo, mradi chakula hicho kiwe fungu kubwa la maisha ya nyumbani kwake. Ndiyo maana nchi zetu zilionekana hazina watu wasio na ajira, jambo lililowachekesha vijana wa vijiweni. Mwaka 2013 wanatakwimu walikutana tena chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakatenganisha kazi na ajira. Kazi, walisema, ni chochote unachofanya kuzalisha kitu au huduma, kwa ajili ya wengine au yako mwenyewe. Kuchota maji ni kazi. Kulea ni kazi. Kulima cha kula ni kazi. Lakini ajira ni ile tu inayofanywa kwa malipo au faida. Hivyo mwanamke anayelima mahindi ya kula nyumbani kwake anafanya kazi na hana ajira. Ilichukua miaka 31 na wataalamu wa nchi nyingi kufika pale alipofika yule babu wa mihogo kwa kupunga mkono.

Ugumu ni kwamba sasa lazima ujue mahindi yanakwenda wapi. Kuna swali maalumu: mazao unayolima ni hasa kwa ajili ya kuuza, au hasa kwa ajili ya kula? Jibu likiwa kuuza, una ajira. Likiwa kula, huna. Watu waliolitunga ni wazi wanaishi mahali ambapo mtu analijua jibu kabla ya kupanda.

Mama niliyemsomea alikuwa anapukuchua mahindi kwenye mkeka, na hakuacha. Alikuwa ameshanipa lile jibu la kawaida, sina kazi mwanangu, nalima tu, nikawa nafuata utaratibu.

"Kuuza au kula?" akauliza. "Si inategemea mvua."

Nikamwambia mama, hapa kuna vyumba viwili tu, nichague kimoja.

"Mvua ikiwa nzuri tunakula, inabaki, tunauza. Ikiwa mbaya tunakula, haitoshi, naenda kuomba kibarua kwa watu. Sasa wewe andika."

Mwaka huo vuli zilikuwa zimenyesha vizuri. Nikabonyeza kuuza. Kishikwambi kikafurahi, kikanifungulia ukurasa mpya wote wa maswali ya watu wenye ajira: cheo chake katika kazi hiyo, ana wafanyakazi wangapi anaowalipa, anafanya saa ngapi kwa wiki. Saa tulizihesabu pamoja, tangu anapotoka na jembe alfajiri, na tukiacha maji, kuni na kupika, ambavyo vina ukurasa wao mwingine, zilifika 41. Swali lililofuata lilikuwa lazima lisomwe kama lilivyoandikwa. Nikamsomea: je, ungependa kuongezewa saa za kazi?

Akamwita binti yake kutoka jikoni aje asikie.